Simu ya Tarehe Mosi Septemba

Lindenhurst, Long Island
Jumapili, tarehe 4 Oktoba

Dada yangu mpendwa Rosalba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ile nyonga waliyokubadilishia sasa inakupandisha ngazi bila kuguna. Shemeji Walt hajambo? Sisi tunaendelea vizuri. Wifi yako Donna amerudi kwenye zamu zake za hospitali, nami mgongo haujaanza kusumbua, maana baridi bado.

Najua unangoja habari za mwanetu Nico. Kila ulipopiga simu nilikukwepa, nikisema mambo yanakwenda. Leo nakueleza yote.

Majira yote ya joto tulimpeleka kwenye mashindano ya lakrosi, ule mchezo wao wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu, New Jersey, Maryland, hadi Delaware. Huko makocha wa vyuo hukaa pembeni mwa uwanja kwenye viti vya kukunja, daftari magotini, hawacheki na mtu. Sheria haiwaruhusu kuzungumza na mtoto mpaka tarehe mosi Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, kwa hiyo sisi wazazi tunabaki kukodolea macho kalamu zao. Nico ni beki, na beki hafungi mabao. Kazi yake ni kumganda mtu na ile fimbo ndefu mpaka akate tamaa. Kalamu ziliwaandika wenzake. Baba mmoja, ambaye mwenyewe aliwahi kuchezea chuo kikubwa, akaniuliza kama kijana wangu atarithi kazi yangu ya mabomba. Nilicheka naye, Rosalba, lakini niliendesha gari hadi nyumbani nikiyarudia maneno yake.

Basi tarehe mosi ikafika. Wenzake walianza kupigiwa tangu asubuhi. Simu ya Nico ililia saa kumi na moja jioni, nikiwa chini ya sinki letu ambalo Donna amelilalamikia tangu Pasaka. Alikuwa Kocha Hadley, wa chuo kimoja kule Vermont. Nico akaweka spika. Kocha alisema alimwona Delaware akaipenda miguu yake, halafu akaisifu barua pepe aliyoandikiwa, hasa pale Nico aliposema kwamba tangu utotoni ana ndoto ya kuongoza watu. Nikampungia Nico spana, akubali tu.

"Kocha, mimi sijawahi kukuandikia," Nico akasema. "Huyo ni mzee wangu."

Kisha kocha akauliza huyo mzee yuko wapi.

"Yuko chini ya sinki."

"Mwambie atoke."

Ndiyo, dada. Ni mimi. Tangu Machi nilikuwa nikiwaandikia makocha kwa jina la mwanangu, barua thelathini na saba, na Donna hakujua. Nilitoka mle maji yakinidondoka shingoni, nikakiri. Kocha hakufoka. Alisema barua za wazazi anazitambua kwa harufu, na kumbe sifa zile zilikuwa mtego wa kumpima kijana. Akamtaka Nico aandike mwenyewe, mistari michache, kabla ya Ijumaa.

Simu ilipokatika Nico aliniuliza jambo moja tu: "Baba, ulidhani sitoshi?" Nikarudi chini ya sinki. Siku nne tulikula meza moja bila kutazamana.

Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo nakwambia nilichoona haya kumwambia Nico siku ile. Niliyedhani hatoshi ni mimi mwenyewe, si yeye. Niliona watoto wengine wana baba wanaojua kuongea na makocha, wangu ana fundi bomba. Jumamosi ya tarehe 26 Septemba, njiani kwenda Vermont kwa mwaliko wa kocha, aliyekuwa amekwisha kusoma mistari ya Nico, nilijikaza nikamwambia hivyo hivyo. Nico akaniambia mimi ni mjinga, akanimegea nusu ya mkate wake wa nyama.

Walimpa nafasi kwenye timu ya chuo. Amefikiri wiki nzima, na jana amekubali.

Tukiwa kule kocha aliniita pembeni akanionyesha alichoandika Nico. Nakunukulia: "Sijui nitasomea nini. Najua kukaba na sichoki. Tukiwa nyuma mabao manane bado nakimbia. Baba yangu hajui hata nusu ya sheria za mchezo huu, lakini hajakosa mechi hata moja, hata ile ya mvua ya mawe." Rosalba, nilijifanya nakagua bomba la joto ukutani mpaka macho yakauke.

Donna anakusalimu sana, na Walt mpe mkono wangu. Nico naye anasema atakupigia jioni hii akupe habari kwa mdomo wake, kwa hiyo ukiipata barua hii utakuwa umeshasikia, na kwa maneno mazuri kuliko yangu.

Ndugu yako akupendaye,
Enzo