Kwa Nini Hatukumpeleka Baba Nairobi

Solai,
S.L.P. 48,
Bahati.
14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Kimaiyo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai wewe, Jeruto na watoto mko wazima huko Perth, na baridi haijawazidi. Sisi tunaamka, tunafanya kazi. Mama anakula kidogo. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika magotini, ila yeye hajaenda kuyaona tangu tumzike Baba.

Hujapiga simu tangu mazishi. Shangazi Linah ameniambia unasema nilimwacha Baba afe nyumbani kama mtu asiye na watoto. Sikukasirika. Ulikuwa mbali, na ulichosikia ni kwamba gari la kumpeleka Nairobi lilifika na mimi nikalirudisha. Ni kweli nililirudisha. Nataka ujue ilivyokuwa.

Saratani ilipomfunga koo, hata uji ulipita kwa shida. Daktari wa Nakuru alitueleza waziwazi kwamba Nairobi wangemwekea mirija tu, kupona hakupo. Baba alisikia yote. Tulipofika nyumbani akaniomba nimsomee Injili ya Marko, si kipande kipande kama kanisani, bali kuanzia mwanzo. Unajua alivyofundisha darasa la ubatizo miaka yote ile. Hata kitandani alibaki mwalimu.

"Unaona Yesu anavyokimbia?" alininong'oneza. "Hakuna kuzaliwa, hakuna utoto. Ni mara hivi, mara vile. Anaponya huyu, anavuka ziwa, watu wamejaa mlangoni."

Tukasoma hadi katikati, pale Yesu anapowauliza wanafunzi wake njiani wao wanasema yeye ni nani. Baba akainua mkono niache kusoma.

"Hapa ndipo kitabu kinapinda," akasema. "Petro anajibu vizuri, na papo hapo Yesu anaanza kuwaambia kwamba atauawa. Endelea, uone anawaambia mara ngapi."

Nikaona ni mara tatu. Mara ya kwanza Petro anamkemea. Kisha wanabishana nani mkubwa kati yao. Tena Yakobo na Yohana wanaomba viti vya heshima. Nikacheka. "Baba, hawa watu walikuwa na masikio kweli?"

Yeye hakucheka. "Walimpenda, Jepchumba. Ndiyo maana hawakutaka kusikia."

Nilifunga Biblia nikaenda kulia kando ya zizi. Baba naye alikuwa ametuambia mara tatu. Wakati wa Pasaka alikuambia kwa simu kwamba anaondoka, ukaanza kumweleza habari za hospitali za India. Alimwambia Mama, Mama akaenda kuchemsha chai. Mimi aliponiambia nilimrekebishia mto.

Kesho yake Shangazi akaja na lile gari, pamoja na Mchungaji Oduor. "Mwinueni twende," Shangazi akasema. "Mungu bado anaponya." Baba akanitazama. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Shangazi, muulize kwanza yeye anataka nini."

Sidhani kuna mtu alikuwa amemuuliza. Shangazi akaketi kando ya kitanda, akamuuliza kwa sauti ndogo sana. Baba akamshika mkono. "Nataka kukaa hapa, dada yangu. Nimechoka kubebwa." Shangazi akalia kama mtoto. Mchungaji ndiye aliyetoka kumwambia dereva aende.

Baada ya hapo tuliingia ile sehemu ya Yerusalemu. Mwenyewe niliona mwendo umebadilika. Yule aliyekuwa akikimbia kijiji hadi kijiji sasa anaenda polepole. Wiki moja tu inajaza sura nyingi, na siku ya kufa inasimuliwa saa kwa saa. Siku za Baba nazo zilienda hivyo. Mama alikaa akimsugua miguu. Majirani waliingia, wakaagana naye wakijua wanaagana. Alikutaja mara nyingi. Alisema, "Mwambie Kimaiyo asije akikimbizwa na hofu. Nimeridhika naye."

Alituacha asubuhi, usomaji wetu ukiwa bado kwenye bustani ile ambapo rafiki zake Yesu wanalala usingizi na yeye anaomba. Mama na mimi tulikuwa macho. Hakuhangaika.

Wiki iliyopita Mama aliniomba nimalizie. Nilisoma mpaka wanawake wanapokuta kaburi wazi, wanakimbia, na kwa woga hawamwambii mtu neno. Baba alikuwa amenifundisha kwamba nakala za zamani zinakoma hapo, na mistari inayofuata iliongezwa baadaye. Kwa hiyo nami nikakoma.

"Ndiyo mwisho?" Mama akauliza.

"Ndiyo mwisho, Mama."

Akachukua Biblia kutoka mkononi mwangu, akaifunga. Halafu akasema, "Lakini lazima kuna aliyesema, la sivyo sisi tungejuaje? Mwandikie ndugu yako."

Basi nimekuandikia. Tupigie, hata kama bado una hasira. Mama anataka kusikia sauti yako.

Nisalimie Jeruto na watoto. Shangazi Linah anakusalimu, na Mchungaji pia. Mungu wa Baba awafunike huko mliko, na awalaze salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kama zamani,

Jepchumba