Sabato Nne Ulizokaa Nyumbani na Jasper

Mwaka umetimia, Bonareri, tangu ututoke, na bado nashangaa ulivyoweza. Hukuwa na saa ya mkono. Hukuwa na mizani, wala kipimajoto, wala umeme wa kutegemea mvua ikinyesha. Cheti hukuwa nacho hata kimoja. Meno ya mbele hukuwa nayo. Na hukuwa umewahi kumwona mbwa anayeenea ndani ya kikombe cha uji.

Mjukuu wetu Cynthia alimleta miaka mitatu iliyopita, mwezi wa saba wenye baridi, ndani ya mkoba wake. Alikuwa chiwawa, wale mbwa wadogo wa kufugwa ndani, wa wiki sita tu, mwepesi kuliko pakiti ya nusu kilo ya majani chai. Cynthia alikuwa anakwenda kozi ya kazi kwa mwezi mmoja na nusu, na huko Nakuru hakuwa na mtu wa kumwachia.

"Magokoro, bibi yangu," alikuambia, "huyu ni Jasper. Akipitisha masaa manne bila kula anaweza kufa. Akilegea, mpake asali kwenye ufizi, kidogo kidogo, halafu mpashe joto."

Nilicheka. Nilisoma ngumbaru ya jioni mpaka nikafanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka hamsini, na hakuna kitabu kilichonitajia mbwa wa namna hiyo. Wewe hukucheka. Ulimweka kiganjani, tukaona moyo wake ukipiga chini ya ngozi kama maji yanayochemka chini ya kifuniko.

"Baba Bosire, tazama," ulisema polepole. "Mungu hakupunguza kitu. Hata kucha ameweka."

Ulimtandikia katoni, na pembeni chupa ya maji moto iliyozungushiwa sweta yangu kuukuu. Mchana alikaa kifuani mwako ndani ya leso. Saa zako zilikuwa kengele ya shule, lori la chai likishuka kuelekea Itumbe, na ng'ombe akidai kukamuliwa. Kila uliposikia kimojawapo, ulilowesha chakula chake kwa maji vuguvugu ukamlisha kijiko kimoja.

Jirani yetu Nyabuto alipita na kikapu cha majani, akasimama kwenye ua.

"Mama Bosire, huyo panya sasa unambeba kwa leso?"

"Panya ni wako, wale wanaomaliza mahindi yako," ukamjibu. "Huyu ana daftari la chanjo. Wewe lako liko wapi?"

Nyabuto alicheka mpaka kituo cha chai.

Sabato ya pili ilikuwa ya Meza ya Bwana, na wewe, shemasi, ulikuwa zamu ya kuandaa maji ya kutawadhana miguu. Goti langu lilikuwa limevimba, nikabaki. Uliniachia vikombe viwili vya chakula vimefunikwa.

"Kimoja saa nne, kingine saa saba. Leo hakuna kengele, Baba Bosire, lakini wewe una saa."

Sikumlisha. Hilo sijawahi kulisema mpaka leo. Kwetu mbwa hali kabla ya watu, na watu walikuwa kanisani. Tena nililelewa nikiambiwa kwamba mbwa akionja njaa huwa mkali. Alipolia, nilisoma gazeti. Aliponyamaza, nilimsifu kwamba ameanza kushika adabu.

Saa nane nilisikia lango. Nikafunua katoni. Jasper alikuwa baridi, shingo imelegea kama uzi, ufizi umekuwa mweupe. Nikaogopa, nikawamwagia kuku vikombe vyote viwili.

"Amekula?" uliuliza.

"Amekula."

Hukuvua hata viatu vya kanisani. Ulichovya kidole katika asali, ukampaka ufizini, ukamtia kifuani, ukatulia. Ukapaka tena. Ulipita muda wa kuchemsha sufuria nzima ya chai, nami nimesimama tu. Kisha ulimi mdogo, usiozidi jani changa la chai, ukatoka na kulamba kidole chako. Nina miaka sabini na sita, Bonareri, na nimeona mengi. Sijaona jambo kubwa kuliko lile.

Jioni kuku walikataa mahindi. Ulisema tu, "Kuku wa leo wameshiba," ukanitazama, ukaingia jikoni. Sasa naamini ulijua.

Sabato nne zilizofuata hukutoka nyumbani, wewe uliyekuwa ukienda kanisani hata na mimba ya siku za mwisho. Hukuniachia tena Jasper, wala hukuniaibisha mbele ya mtu. Kanisani walinong'ona kwamba shemasi sasa anaabudu mbwa. Nilikaa kwenye benchi nikasikia, nikafungua kitabu cha nyimbo. Mwaka uliofuata hukuchaguliwa tena. Nilikuuliza kama umeumia.

"Maji hata asiye shemasi huchota," ulisema, na Sabato iliyofuata ulikuwa wa kwanza kufika na ndoo.

Cynthia aliporudi alimkuta Jasper akimfukuza jogoo. Yuko hai hadi leo, ana kilo mbili, na anabwekea malori.

Wewe hukujua kuandika, ukamrudishia kiumbe pumzi. Mimi niliyejua kuandika sikuandika mstari mmoja wa kukutetea.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, Momanyi. Mwanao Bosire na mkewe Roda. Wajukuu wako Cynthia na Brandon. Ndugu zako wa Nyaramba na majirani wa hapa Birongo. Siku zote tutakazopewa, hatutaacha kukutaja.

Nakala ya pili ya maneno haya nimemwandikia mzee wa kanisa, Osoro, aisome Sabato ijayo mbele ya washiriki wote, asiruke neno. Bosire aliisoma kwanza.

"Baba, hapo kwa kuku, watu watakucheka."

"Wacheke."

"Na wakikunyima Meza ya Bwana?"

"Nitakaa nyumbani Sabato nne."

Nimelamba bahasha, nikaifunga, nikaibana kwa ngumi, nikampa Bosire ampelekee mzee Osoro. Ameshavuka daraja nayo.