Pavlova Apelekwe Alhamisi, au Asipelekwe?

Bi Noreen wa ukurasa wa nyuma wa gazeti,

Mimi si mtu wa kuomba ushauri, hapa Bothwell watu ndio hunijia mimi, muulize yeyote baani, lakini safari hii nimekwama na nitakueleza yote bila kuficha. Ukoo wetu wa Pybus umewatega sungura wa kisiwa hiki cha Tasmania tangu enzi za babu, ambaye siku moja aliwachuna wengi mpaka kisu kikaomba kupumzika, na mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa, tena na homa, niliwakamata kumi na saba kwa mikono mitupu kabla ya chai, kwa hiyo mtu asiniambie kitu kuhusu sungura. Sasa binti wa dada yangu, Bronte, fundi umeme, amekwenda kufanya kazi mwaka mzima kituoni Antaktika, akaniachia sungura wake wa ndani, jike, mweupe, wa miaka minne, jina lake Pavlova kama ile keki ya Krismasi, na akaniachia sharti moja, nimpeleke akatolewe kizazi. Bi Noreen, sikumpeleka.

Nilisema mnyama akikatwa anapoteza tabia, na Pavlova ana tabia, hulala kwenye kiti changu mimi nikakaa sakafuni, na juzi alimfukuza mbwa wa kondoo wa jirani mpaka barabara kuu. Basi mwezi uliopita akaanza kujinyofoa manyoya ya kifuani na kubeba nyasi kavu mdomoni, akijenga kiota nyuma ya televisheni, nikajua tayari ana mimba, nikatangaza baani na kuwaahidi watu wanne vitoto. Lindsay, ambaye hajawahi kumkamata hata panya, akaniuliza mbele ya watu, "Na baba ni nani, Garth? Wewe?" Ikabidi nimpeleke kwa Daktari Imrie, mama asiyechekacheka, akampapasa tumbo.

"Hana mimba, Bwana Pybus. Ni mimba ya uongo."

"Sungura wangu hasemi uongo, Daktari."

"Anaishi na dume?"

"Anaishi na mimi."

"Basi."

Akaniambia majike wasiotolewa kizazi wengi wao hupata saratani ya kizazi hicho wakishakuwa wazee, na kwamba Pavlova anaelekea huko, akamwandikia nafasi Alhamisi hii saa tatu asubuhi. Shida ni kwamba Bronte hupiga simu kila Jumapili, na miezi mitano iliyopita aliniuliza, "Mjomba, umempeleka?" nikamjibu, "Mbona zamani, anaruka kama mtoto," na kwa kuwa ulimi wangu haujui kusimama nikaongeza kwamba daktari alinisifu jinsi nilivyomshika. Anarudi baada ya wiki tatu. Nimewaza kumnyoa Pavlova tumbo na kusema amepona bila kovu. Siogopi, usije ukadhani. Mbwa wangu Bosun alipigwa nusu kaputi ang'olewe jino na hakuamka, nikamrudisha nyumbani kwenye blanketi lake, lakini hilo halihusiani na haya. Nikimpeleka nitamnyima chakula tangu Jumatano mchana, utaratibu naujua. Je, nimpeleke, au nimwache kama Mungu alivyomuumba?

Garth Pybus, Bothwell

*

Garth,

Weka chini hiyo mashine ya kunyolea.

Kisha msikilize mwanamke aliyefuga sungura hai. Ukoo wako unawajua sana sungura waliokufa, sibishi, na hao kumi na saba nakuachia wewe na homa yako. Huyu anapumua, na wewe ulitaka kumfanyia kosa ambalo lingemuua kabla ya kisu. Usimnyime chakula. Mbwa hunyimwa chakula kwa sababu anaweza kutapika akiwa usingizini. Sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu husimama kufanya kazi. Ale mpaka mlangoni kwa daktari, na umfungashie nyasi zake na majani anayoyapenda, ale akiamka. Ikifika jioni hajagusa kitu, au hajaacha vinyesi vyake vidogo, mrudishe palepale, usijitibie kwa ujuzi wa babu.

Tabia yake haipotei. Atakachoacha ni kujinyofoa manyoya kwa ajili ya vitoto ambavyo havipo, na hilo si tabia, ni mateso. Kiti chako sahau. Hao wanne wa baani waambie umekosea, watakucheka wiki mbili, na Lindsay wiki tatu.

Sasa kuhusu Bosun. Barua yako nzima ina majigambo, isipokuwa pale ulipomfunga kwenye blanketi. Pole sana. Unaogopa, Garth, na una sababu. Siwezi kukuahidi kwamba Pavlova ataamka, na daktari mkweli naye hatakuahidi. Lakini ana miaka minne, ana afya, na hatari ya kungoja inakua kila mwaka. Mweleze Daktari Imrie habari za Bosun. Muulize amewafanyia sungura wangapi, na nani atakaa naye mpaka afumbue macho. Akikujibu vizuri, mpeleke. Ukiona hajui, mwombe akutume kwa anayejua.

Hata hivyo, kuna mtu wa kusema naye kabla ya daktari. Sungura si wako. Bronte aliamua, wewe ukaufuta uamuzi wake bila kumwambia, kisha ukataka kumdanganya kwa wembe, mtu mzima na mvi zako. Yule binti anatunza umeme mahali ambapo taa zikizimika watu wanaganda, na umemfanya aamini kwamba jambo hili limekwisha. Anayo haki ya kujua kabla ya Alhamisi, si baada, na hasa jambo likienda vibaya.

Kwa hiyo usingoje Jumapili. Mtumie ujumbe leo akupigie, na akipiga sema hivi: "Bronte, nilikudanganya. Sikumpeleka kwa sababu niliogopa. Nafasi yake ni Alhamisi, nataka unipe ruhusa." Usiongeze neno. Atakugombeza. Mwache agombeze kadiri anavyotaka, na simu usiikate wewe.

Noreen