Kitambulisho Kimetoka, Goti Limekwisha

Jumatano, baada ya swala ya alasiri. Joto la leo halina mfano, hata mbuzi sokoni walikuwa wamejilaza chini ya malori. Nimeuza wawili tu, waliobaki nikamwachia dalali mwenzangu, kwa sababu nilikuwa nimeitwa ofisini kuchukua kitambulisho.

Nimekipata. Nina miaka thelathini na miwili.

Afisa aliyenikabidhi alitabasamu akasema, "Kawia ufike, bwana. Sasa wewe ni Mkenya." Nikamshukuru kwa adabu kama nilivyolelewa, lakini nilipotoka nje nilitamani kupiga ukuta ngumi. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kucheza mpira. Mchezaji akikawia, hafiki.

Niliichezea timu ya kaunti miaka kumi na miwili, mshambuliaji, jezi namba tisa. Asubuhi soko la mifugo, jioni mazoezi. Mshahara hakuna. Viatu vyangu, bandeji zangu, maji ya kunywa yangu. Hilo sikulinung'unikia hata siku moja. Kulikuwa na Mzungu mmoja kutoka Ayalandi, mfanyakazi wa shirika la misaada katika kambi za wakimbizi, aliyekuwa akija kututazama uwanjani. Aliniambia kwao kuna mchezo wa magongo na mpira mdogo mgumu, na wanaochezea kaunti zao hawalipwi hata senti. Mmoja ni mwalimu, mwingine fundi wa mabomba, mwingine anafuga ng'ombe. Lakini wakizeeka, mji mzima bado unawaita kwa majina. "Ungekuwa mtu mkubwa kwetu," akasema. Nilifurahi wiki nzima. Sikumwambia kwamba hao wa kwao wanaweza kupanda basi wakaenda kucheza kaunti nyingine.

Mimi sikuweza.

Ukitoka Garissa kuelekea upande wa Nairobi lazima uvuke daraja la Tana, na hapo polisi huingia ndani ya basi, kila abiria anatoa kitambulisho. Asiye nacho anateremka. Kwa hiyo nilicheza mechi za nyumbani tu. Mbali kabisa nilikofika ni Masalani, kwa mechi ya kirafiki, kwa kuwa barabara ya huko haivuki daraja.

Mashabiki hawakujua lolote. Walichoona ni kwamba nafunga mabao matatu hapa, halafu timu ikisafiri mimi sipo. Wakanibandika jina, Simba wa Nyumbani. Mwanzoni nililichukulia kama utani. Baadaye wakaanza kusema naogopa, eti nikiona uwanja wa wenyewe tumbo linaniendesha. Nikawaacha waseme. Kocha Dubow peke yake ndiye aliyejua, na kila safari alinitungia sababu: ana harusi, ana msiba, ana malaria. Nimeugua malaria ya uongo kuliko mtu yeyote katika wadi yetu ya Waberi.

Sababu ya kweli naiandika leo kwa mara ya kwanza, na sijali nani anasoma.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ukame ulitumalizia mifugo. Baba alikuwa amekwenda mbali na ng'ombe wachache waliobaki, hatukuwa na habari yake. Mama akatuchukua watoto wake wanne mpaka kambi za Dadaab, akapanga foleni na Wasomali wenzetu waliokimbia kutoka Somalia, akasema na sisi tumevuka mpaka juzi. Njiani alitukaririsha jina la mji ambao hatujawahi kuuona. Tukabonyeza vidole kwenye kioo cha mashine, mmoja baada ya mwingine, tukaandikwa wakimbizi, tukapewa kadi ya chakula. Unga, mafuta, maharage. Tulikula miezi minane. Mvua iliponyesha tukarudi mjini tukayasahau. Si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. Wengi wa rika langu hapa wana hadithi kama hii, ila hawaisemi.

Kompyuta haikusahau. Nilipofika miaka ishirini klabu moja ya Nairobi ilituma mtu kunitazama. Alikaa mechi mbili, akasema nilete kitambulisho nisajiliwe. Nikaenda kukiomba. Afisa akaviweka vidole vyangu kwenye mashine, akatazama, akanitazama, akaniambia mimi ni mkimbizi. Nikamwambia nimezaliwa hapa na babu yangu amezikwa hapa. Akaniambia nikabishane na mashine. Klabu ilisubiri mwezi mmoja ikachukua mtu mwingine.

Tangu hapo ni fomu, picha, barua ya chifu, kikao cha wazee wa kuhakiki uraia, kisha subiri. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Nikasubiri mpaka goti likaachia, miaka miwili iliyopita, kwenye mechi ya nyumbani bila shaka.

Mama sikumwambia neno. Nilimwambia Nairobi sikuipenda tu. Basi naye akaamini kwamba niliogopa, na hunitania mbele za watu kwamba yeye alizaa kunguru. Linalonichoma zaidi ni kwamba ile safari ya kambini ndiyo hadithi anayoipenda kuliko zote. Mgeni akija ataisikia: jinsi alivyomzidi karani akili, jinsi mimi nilivyoulizwa natoka mji gani nikasahau, nikataja jina la ngamia wetu. Watu hucheka mpaka wakafuta machozi. Mimi huwa pale pale nawamiminia chai, nimejikaza kisabuni.

Leo nikiwa njiani kurudi nyumbani Kocha alinipigia simu. Alikuwa amesikia. Akasema timu inasafiri Jumamosi, nije nikae nao ndani ya basi, angalau nivuke daraja pamoja nao mara moja. Nikamwambia nina malaria. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka mlangoni na jirani yetu, Mama Sahra. Nikampa kitambulisho akione. Akakigeuza huku na huku, akasema, "Wenzako walichukua wakiwa na miaka kumi na minane. Uvivu huu uliutoa wapi, hooyo?" Kwetu hooyo ni mama, na mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo. Kisha akamgeukia jirani, na kwa kuwa habari ilikuwa ya vitambulisho, akaanza: kambi, karani, ngamia.

Nikamkatiza.

Mtu hamkatizi mama yake mbele ya mgeni, najua. Nilimwambia yote. Vidole, mashine, klabu, daraja, kila safari niliyobaki hapa nikijificha ndani ili watu waamini naumwa. Nikamwambia ile kadi aliyojisifia miaka yote hii ndiyo iliyonikata miguu. Sauti yangu ilikuwa juu. Mama Sahra akakumbuka ana sufuria jikoni, akaondoka.

Mama hakulia. Nakiri nilitaka alie. Aliiweka tusbihi yake juu ya mkeka. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mlikuwa wanne. Nilishajua nitazika wawili. Nilichokuwa sijui ni wawili gani."

Ule unga niliula. Nakumbuka nilikuwa wa kwanza kumaliza, nikiomba niongezwe. Lakini hasira haijatoka, niseme ukweli. Miaka kumi na miwili niliibeba nikijua siku nitakapoitua itamwangukia mtu fulani, na leo nimeitua, huyo mtu ni bibi kizee mwenye viatu vya plastiki aliyetaka watoto wake waishi. Nimebaki nayo mwenyewe.

Nilikuwa nainuka niondoke aliponishika nguo. Mama hajawahi kuniona nikicheza. Wanawake wa umri wake hawaendi uwanjani, na mimi sikuwahi kumwambia aje. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za marehemu, "Ulikuwa hodari kweli, hooyo? Kiasi cha Nairobi?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Ndiyo hiyo nimejipa mwenyewe miaka yote, ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kwenda sokoni. Lakini mbele yake haikutoka. Nimecheza uwanja mmoja, ambao najua kila shimo lake, mbele ya watu wanaonijua, dhidi ya timu zilizofika zimechoka na safari. Pengine ningewika. Pengine ningekaa benchi mwezi mmoja nikarudishwa.

"Sijui, hooyo," nikamwambia.

Bado ameketi pale mlangoni ninapoandika haya, ananitazama kama anayesubiri nibadilishe jibu. Sina jingine.