Sauti ya Mackline Kwenye Mwezi Wako

Bwera,
Wilaya ya Kasese,
Uganda.
19 Oktoba 2025

Mpendwa mpwa wangu Ronah,

Salamu nyingi zikufikie huko Rotterdam, wewe na wenzako wa kazini. Natumaini u mzima, unalala vya kutosha, na baridi haijaanza kukutesa kifua kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Barua yako ilianza na ombi kabla ya salamu. Mama yako Ithungu hakukulea hivyo, lakini nimekusamehe kwa kuwa najua ulikuwa na haraka.

Huku mvua imekuja vizuri. Mto Lhubiriha umejaa, na watu wa Mpondwe wanalalamikia matope. Kahawa imeanza kuiva. Nimepata vijana wa kunisaidia kuchuma, kwa sababu mwaka huu niko peke yangu shambani. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Watu wananiambia kwamba hiyo ni habari njema, nami nawaitikia.

Wengi bado wanapita kunipa pole ya mke wangu. Wananitazama usoni wakingoja jambo fulani, nami sina la kuwapa. Tangu tumzike Mackline sijalia. Sijizuii, machozi hayaji tu. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini haukujibu.

Sasa nije kwenye filamu yako. Uliniomba niitazame kabla hujaitoa, kisha niseme kama nakubali sauti ya Mackline itumike. Simu yangu haichezi filamu, hivyo nilimwomba Shafic, mwenye kibanda cha video karibu na soko, aipokee kwa niaba yangu. Nilimwambia kwamba nitaitazama peke yangu, naye akaahidi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, nilipofika mchana, mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Nje alikuwa ameandika kwa chaki kwamba kuna katuni mpya ya mtoto wetu wa Bwera. Kwa kuwa ni katuni, kina mama wa sokoni walikuwa wameleta watoto.

Hukuniambia kwamba ni filamu ya watu wazima. Mwanzo wake haukuwa na tatizo. Nilimpenda yule fundi mwanamke anayeishi kwenye mwezi wenye ziwa la chumvi, ambalo nililitambua mara moja kuwa ni ziwa letu la Katwe. Nilimwelewa na yule dereva wa chombo cha angani anayemletea vipuri. Nilielewa pia taabu yao, kwamba safari ya siku chache kwa dereva ni miaka mingi kwa mwanamke, na kila anaporudi anamkuta amezidi kuzeeka. Walipokutana tena, watoto walipiga makofi. Kisha wakavua kofia zao za angani, wakakumbatiana, na wakaendelea kuvua.

Shafic, kama ujuavyo, hutafsiri kila filamu kwa kipaza sauti, hata isiyohitaji tafsiri.

"Sasa bwana anamuambia bibi, mupenzi, mafuta imeisha, leo nalala hapa," alisema. Halafu akaona kinachofuata. "Weee! Batoto, toka inje! Yote! Macho chini!"

"Shafic, si uliandika katuni?" Saudah, yule muuza vitenge, alipaza sauti kutoka nyuma.

"Katuni nayo iko na mapenzi, mama! Mimi ningejua aje?"

"Na weye mbona hufungi macho?"

"Mimi niko kazini!"

Kibanda kizima kilicheka. Watoto walitolewa wakilia, na mimi nilitazama sakafu mpaka mambo yale yakaisha. Sikukasirika. Mackline angecheka kuliko wote, na angenipiga kiwiko.

Halafu yule fundi aliimba kwa sauti ya Mackline. Ulikuwa wimbo wa kwanza kati ya zile mbili ulizomrekodi jikoni akichambua maharagwe. Shafic aliendelea kutafsiri juu yake, ndipo Saudah akasimama.

"Funga mudomo, Shafic! Ile ni sauti ya Mama Mackline."

Shafic alizima kipaza sauti. Tangu nimjue sijawahi kumwona akifanya hivyo. Wanawake waliokuwa wakiimba naye kanisani walianza kumfuatisha polepole, na Saudah, ambaye ni Mwislamu, alifuatisha pia, kwa maana alimsikia akiuimba sokoni miaka yote. Baadhi yao walilia. Mimi nilikaa. Niliitambua sauti ile kama mtu anavyolitambua koti lake likiwa limevaliwa na mwingine.

Nyimbo hizo mbili nakukubalia. Aliziimba mwenyewe, alijua kwamba unamrekodi, na alifurahi.

Wimbo wa mwisho ni jambo jingine. Dereva anarudi, anakuta yule fundi amekufa, na sauti yake imebaki ndani ya mashine ikimwimbia kwamba atamngoja mpaka nyota zizeeke. Umenieleza kwamba Mackline hakuuimba kamwe. Kompyuta yako ilijifunza sauti yake, ikaiimbisha maneno yako. Kazi hiyo imefanywa vizuri sana. Watu waliomba urudiwe, na Shafic akaurudia. Siku hizi wanawake wanaopanga nyanya sokoni wanauimba.

Juzi nilikuwa nikichuma kahawa, nikajaribu kukumbuka maneno ya mwisho aliyoniambia mke wangu. Badala yake ulikuja wimbo wako, kwa sauti yake, mtamu na kamili. Nilisimama na kikapu changu. Ilinichukua muda mrefu kuyapata maneno yenyewe, na yalipokuja yalikuwa yamefifia, kana kwamba wimbo ndio uliokuwa kweli na maneno yale nimeyabuni mimi. Ronah, sina picha nyingi za Mackline, wala machozi sina. Nina maneno yale. Wimbo wako ukienda duniani na kurudi huku katika kila simu, nitayapoteza, na mwishowe nitawaambia watu kwamba aliahidi kuningoja. Hakuahidi.

Kwa hiyo uuondoe wimbo huo kwenye filamu. Najua umeuhangaikia, na najua ulimpenda. Alikulea wakati ule mama yako alipokuwa mgonjwa huko Maliba, na hakukutofautisha na mtoto wa kumzaa. Lakini sitabadili neno langu.

Hata hivyo, haifai dereva wako arudi asisikie kitu. Nitakupa cha kuweka. Asubuhi ile nilimletea Mackline uji kitandani. Aliutazama, akasema, "Bado ni wa moto. Uache upoe kwanza." Nilikwenda kuliweka bakuli ndani ya maji, na niliporudi alikuwa ameshakata roho. Ni hayo tu. Hakuna aliyeyarekodi. Hayo naikubalia kompyuta yako iyaseme kwa sauti yake, bila muziki, kwa sababu ni yake. Aliyasema taratibu, akiwa amechoshwa kidogo nami.

Mama yako anakusalimu kutoka Maliba. Mguu wake umepata nafuu na ameanza tena kwenda shambani. Msalimie ndugu yako Bright akikupigia simu. Saudah anakusalimu sana na anauliza lini utamchora yeye, akiwa mwembamba. Shafic naye anakuomba filamu ijayo useme mapema ni ya umri gani, maana kina mama bado wanamsema.

Mungu akulinde uendako na urudiko, na mikono yako aipe nguvu ya kazi. Ukimaliza sehemu ile ya uji, mtumie Shafic. Safari hii ufunguo wa kibanda nitaushika mimi, tuingie mimi na yeye tu, na nitamwambia airudie mpaka nimwambie basi.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kama mwanangu,

Zedekia