Masika na Utepe wa Mkono

Mdogo wangu Mama Grace,

Mnaendeleaje huko kambini? Hapa Bwera jua linachoma, lakini mlima umejifunika mawingu. Theluji ya kwenye picha ya kadi hii bado sijaiona. Leo nimeshinda kliniki kwa Masika wangu, nesi kamili sasa. Alimpima mkono mtoto mmoja mwembamba kwa utepe wa rangi unaoonyesha utapiamlo. Ikiwa njano, mtoto anarudi nyumbani. Ikiwa nyekundu, anapewa chakula cha dawa. Masika akaandika njano. Nesi mwenzake akaja kupima tena bila kuona karatasi, ndiyo desturi yao. Mimi nikamwahi: “Ni njano. Binti yangu hakosei.”

“Mama,” Masika akasema polepole, “sasa atasoma jibu langu, hatasoma mkono.”

Akamwita mkunga ambaye hakuwa amesikia kitu. Mkunga akasoma nyekundu. Masika akapima upya, akaona alikuwa ameulegeza utepe, akafuta njano yake mbele yetu sote. Mtoto akapewa chakula.

Mama wa mtoto akaniuliza, “Ule nesi iko mutoto yako?” Nikamjibu kwa sauti ya kufika barabarani kwamba ni wangu, nimemzaa mwenyewe.

Wakumbatie wanao mmoja mmoja, Grace mara mbili.

Dada yako,
Mama Masika