Maji ya Siku ya Tatu

9 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Ukinijibu "haujambo" tu nitajua umepanda tena juu ya matangi ya maji ya watu, kwa hiyo nijibu kwa kirefu. Mimi ni mzima, ila miguu inawaka moto kwa kuzunguka wodini.

Uliniuliza kwenye simu utafiti wetu unahusu nini hasa, simu ikakatika nikiwa nimefika kwenye neno "kidonda". Basi nakuandikia, maana jambo lenyewe linanishangaza kila siku na wenzangu hapa wameshalizoea.

Swali letu ni dogo mpaka unaona aibu kulitaja. Mtu akishapasuliwa tumbo, mshono wake ubaki umefunikwa bila kuguswa na maji mpaka siku ya kutoa nyuzi, au ufunuliwe siku ya tatu uoshwe kwa maji safi na sabuni? Hilo tu. Nilidhani wakubwa wa kazi hii walishalijibu zamani. Nikamuuliza Profesa, daktari wetu mkuu wa upasuaji, mtu aliyepasua matumbo tangu mimi sijazaliwa. Akasema kila hospitali aliyofanya kazi walikuwa na jibu, na kila hospitali lilikuwa jibu lake. "Mimi mwenyewe sijui," akasema, mbele ya manesi na wanafunzi. Baba, nilipigwa na butwaa. Sikujua kwamba mtu mkubwa vile anaweza kusema hajui, na watu wakazidi kumheshimu.

Kwa hiyo tunawatafuta wagonjwa elfu moja na mia mbili. Kila anayekubali anafunguliwa bahasha, na ndani kuna karatasi imeandikwa "osha" au "funika". Hachagui yeye, hachagui daktari. Kisha tunamfuata siku thelathini. Kazi yangu mimi ni kukagua mishono: ni safi, au ina usaha? Siambiwi nani ameosha na nani hakuosha, ili jicho langu lisiwe na upande.

Jana nilikuwa na mshona viatu mmoja, ametoka kupasuliwa ngiri, uso umekunjamana kwa maumivu. Nikamweleza kwamba huenda haya yote yasimsaidie yeye hata kidogo, yatamsaidia mtu atakayekuja baadaye. Akauliza, "Huyo wa baadaye namjua?" Nikasema hapana. Akafikiri kidogo. "Haya, lete nisaini."

Nilitoka nikasimama koridoni mpaka macho yakakauka. Wako wengi wa namna hiyo, Baba, na tunao karibu mia nne sasa.

Mwanao,
Kiroboto

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, na matangi nimepanda, usinipangie. Natumaini miguu yako imepoa. Weka kwenye maji ya chumvi.

Barua yako imekaa mezani wiki tatu. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kuna jambo nimekaa nalo miaka ishirini na nne na sasa nitalisema, na naliandika kwa sababu kwa mdomo siliwezi.

Unajua mama yako alifariki hospitali. Zaidi ya hapo hujui, maana kila ulipouliza habari zake nilikufokea au nilitoka nje. Ulikuwa na miaka mitatu. Alipasuliwa kidole tumbo. Siku ya tatu akalalamika joto, akasema ananuka, akaniomba nimwogeshe. Nikachemsha maji mwenyewe, nikayapoza, nikanunua kipande kipya cha sabuni. Nikabandua bendeji, nikamwosha mwili mzima na mshono juu. Siku ya tano homa ikapanda, mshono ukatoa usaha. Siku ya tisa hakuamka.

Nesi wa zamu aliikuta ile bendeji imelowa kwenye ndoo. Homa ilipopanda akaniambia, wodi nzima ikisikia: "Umemmaliza mkeo kwa mikono yako."

Mimi ni fundi bomba. Kazi yangu ni kuwapelekea watu maji. Hebu fikiria nimekaaje na kazi hii.

Sasa wewe unaniandikia kwamba kuna watu wanauliza swali hilohilo, na kwamba mkubwa wao hajui jibu. Nilidhani dunia nzima inajua isipokuwa mimi siku ile. Mwanangu, nataka kujua. Mkimaliza kuhesabu niandikie. Kama maji ndiyo yaliyomuua, sema ni maji. Usinitilie sukari.

Baba yako

20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Simu yangu unapokea, unaongea habari za mvua, unakata. Kama umenikasirikia una haki. Ila kasirika kwa maandishi, nijue.

Baba yako

11 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Mwili wangu ni mzima. Sikukukasirikia hata dakika moja. Siku niliyosoma barua yako nilijifungia kwenye stoo ya mashuka nikalia, na nilikulilia wewe zaidi ya mama, kwa sababu mama simkumbuki na wewe nimekuona kila siku ukilibeba hilo bila mimi kujua.

Nilinyamaza kwa aibu. Soma mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Nilikuambia siambiwi nani ameosha. Ni kweli, lakini pua ninayo. Aliyeosha ananukia sabuni ya wodi, ile ya kijani yenye harufu ya ndimu. Kabla ya barua yako sikuwahi kuijali. Baada ya hapo nikawa naingia wodini pua imetangulia. Nikiisikia tu sabuni, moyo unaanza kuomba, uwe safi, uwe safi.

Mwezi wa tano nikafika kwa mama mmoja, mpishi wa shule. Sabuni ilikuwa inanukia. Pembeni mwa mshono palikuwa pekundu, nilipobonyeza pakatoka tone zito la njano. Nimeona mishono mia kadhaa, nilijua ninachokiona. Na kalamu yangu ikaandika "safi".

Nikaenda vitanda viwili mbele, miguu ikagoma. Nikamfuata Profesa ofisini nikamweleza yote, langu na lako pia. Siri yako nimeitoa, nisamehe. Nilijua ananifukuza. Alivua miwani, kisha akamtuma daktari mwingine, asiyejua chochote, akaukague ule mshono. Akaandika "usaha". Yule mama alianza dawa saa hiyohiyo na sasa amepona. Ningemwacha na "safi" yangu, Baba, sijui ingekuwaje.

Mishono mingine yote niliyoikagua tangu Aprili ilitolewa picha zake zilizopigwa siku ya ukaguzi, ikaangaliwa upya na watu wawili. Miwili zaidi ikabadilishwa. Kisha Profesa akaja na jambo ambalo sitalisahau. Akaamuru kila mgonjwa, awe wa kuosha au wa kufunika, apanguswe mikono na miguu kwa sabuni ileile ya kijani, ili pua ya mtu yeyote isijue kitu. Akacheka peke yake. "Miaka yote hii nimefunga watu macho," akasema, "sikuwahi kukumbuka pua."

Mimi niliondolewa kwenye ukaguzi, nikapewa simu. Siku ya thelathini nampigia mgonjwa kumuuliza hali. Nilidhani ni adhabu. Baba, watu wanapokea. Yupo aliyepokea akiwa juu ya paa anapiga misumari. Yupo aliyenipigia mwenyewe kabla sijampigia, kisa alikuwa anahesabu siku kwenye kalenda na aliogopa nisije nikamsahau. Wanaeleza habari za matumbo yao kwa utulivu kama wanatoa ushahidi mahakamani. Kila nikiweka simu chini nakaa kidogo kabla ya kuichukua tena.

Tumefika mia tisa na arobaini. Jibu analo mtu wa takwimu peke yake, limefungwa, hata Profesa haruhusiwi kuchungulia. Siwezi kukuficha kwamba naogopa. Huenda likakuangukia wewe. Na ile mishono mitatu, wa yule mpishi na miwili mingine, yote ilikuwa ya walionukia sabuni, na sasa yote imehesabiwa kuwa na usaha. Nimekuongezea mzigo kwa mkono wangu.

Mwanao,
Kiroboto

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu nzuri, wiki hii nimefunga vyoo sita vya jengo jipya na vyote vinavuta.

Kukugombeza siwezi. Ungeiacha ile "safi" yako, ungeniletea jibu tamu, na mimi ningelilamba maisha yangu yote bila kujua kwamba mama wa watu alilipia kwa mshono wake. Sasa jibu lolote litakalotoka nitaliamini, kwa sababu namjua mmoja wa walioliandaa na najua hakunipendelea.

Siri usijali. Nimemwambia na mchomeleaji ninayefanya naye kazi. Akanishika bega, tukaendelea kukata mabomba.

Ila huyo mtu wa takwimu, anayekaa na jibu kifuani bila kumwambia hata bosi wake, anakula chakula kweli? Mimi nisingeweza hata siku mbili.

Baba yako

17 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umekaa. Kama umesimama, kaa.

Leo asubuhi tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye chumba cha mikutano, kile chenye feni inayogonga. Mtu wa takwimu ni dada mwembamba anayetafuna karanga kutwa, leo hakutafuna. Akafungua kompyuta, na jedwali likatokea ukutani, mistari miwili tu.

Walioosha, mia sita. Waliopata usaha, hamsini na tano.

Waliofunika, mia sita. Waliopata usaha, hamsini na saba.

Feni ikagonga. Nilikuwa naangalia zile namba na kila moja ilikuwa na sauti, maana nilikuwa nimeongea nao kwenye simu. Dada wa takwimu akaeleza kwamba tofauti ya watu wawili katika wingi ule si tofauti, ni bahati tu. Profesa akainuka akasogea mpaka ukutani, akagusa ile hamsini na tano kwa kidole. "Miaka thelathini nimewakataza watu kuoga," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyaficha.

Uliniambia nisikutilie sukari, kwa hiyo soma na hili. Hesabu yetu haimjui mama. Inasema kuhusu mia sita na mia sita, haiwezi kusema kuhusu mtu mmoja kwenye kitanda kimoja. Siwezi kuapa kwamba maji yako hayakumgusa vibaya. Ninachoweza kuandika na kutia saini ni kwamba maji safi na sabuni siku ya tatu hayakuwaongezea watu vidonda vibaya, na kwamba yule nesi alikuambia kitu ambacho hakukijua. Naye alifundishwa hivyo, kama Profesa.

Kuna swali moja. Siku ile ya upasuaji, daktari alikuambia nini?

Mwanao,
Kiroboto

3 Februari

Mwanangu Kiroboto,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, naona hata usingizi umeniongezeka.

Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka siku mbili kabla hatujafika, na uchafu umesambaa tumboni. Nilimsikia vizuri. Ila neno la nesi lilikuja baadaye na lilisemwa mbele za watu, likalifunika la daktari. Mimi ninayewaambia wateja kila siku kwamba doa la ukutani si kosa la rangi, bomba limepasuka ndani. Kwangu mwenyewe sikuliona.

Kuapa usiape. Nimekuelewa, na sehemu ile ya uwezekano nitabaki nayo, si nzito kama ilivyokuwa. Ila sijui mtu anashukuruje watu elfu moja na mia mbili. Kila mmoja na maumivu yake, amelala chali, na wamenijibu mimi. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maji, nikawaangalia watu, nikawaza, labda huyu, labda yule. Nikamsalimia kila mtu. Wakadhani nagombea udiwani.

Sasa nikuambie habari za mama yako. Nilikunyima kwa sababu kila nikimkumbuka nilipita kwanza kwenye ile ndoo, na sikuweza kuvuka.

Alikuwa anapiga mluzi akipika, bibi yako akimkataza anapiga zaidi. Haogopi mtu, anaogopa panya. Alikuwa mfupi, akitaka kitu juu ya kabati ananiita "ngazi yangu". Wewe ulipozaliwa alikukagua vidole vyote mara mbili, akaniambia mtoto huyu atatusumbua kwa maswali.

Na siku ile ya tatu, hili sijamwambia mtu yeyote. Nilipommwagia maji mgongoni alifumba macho akasema, "Sasa najiona mtu." Kisha akachota kwa kiganja akanirushia usoni, na aliponiona nimelowa mpaka masharubu akacheka, ameshika tumbo kwa maumivu na bado anacheka, mpaka wagonjwa wa vitanda vya pembeni nao wakacheka. Ndiyo mara ya mwisho mama yako kucheka, na ni mimi niliyemchekesha.

Omba ruhusa uje. Mengine ni mengi, hayaenei kwenye barua.

Baba yako